Giuseppe Colombo na Njia ya Utaridi

Katika sayari zote zinazolizunguka jua, Utaridi ndiyo iliyo karibu nalo kuliko zote. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuiona. Zuhura hujulikana hata na watoto wachungao ng'ombe, na Mushtarii huweza kung'aa juu kabisa mbinguni usiku wa manane. Lakini Utaridi haiachani na jua. Mtu wa Issuna, katika nchi ya Wanyaturu kati ya Manyoni na Singida, akitaka kuiona hana budi kungoja siku zake chache, kisha atazame magharibi mara jua likiisha kuzama, au mashariki kabla jua halijachomoza. Itaonekana chini sana, karibu na ukingo wa nchi, katikati ya wekundu wa mbingu. Naye akichelewa kidogo, hataikuta. Watu wengi huzeeka wasiione hata mara moja.

Hii ni habari ya mtu aliyeijua njia ya sayari hiyo kwa kuihesabu tu, akiwa amekaa mezani na kalamu yake. Jina lake ni Giuseppe Colombo.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1920 katika mji wa Padova, kaskazini ya Italia. Giuseppe maana yake ni Yosefu, na watu wa sehemu zile humwita mtu wa jina hilo Bepi kwa kumpenda. Basi Colombo naye akaitwa Bepi na rafiki zake maisha yake yote. Padova ni mji wa elimu ya zamani. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1222, na katika chuo hicho Galileo Galilei alikuwa akifundisha hesabu alipovumbua miezi minne ya Mushtarii, mwaka 1610. Tena katika mji huo limo kanisa dogo ambalo kuta zake zilichorwa na Giotto miaka 700 iliyopita. Mojawapo ya picha zake huonyesha Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, na juu ya banda imechorwa nyota yenye mkia wa moto.

Colombo alisoma shule za mji wake. Alipokuwa kijana, Vita Kuu ya Pili ikaanza. Akawa askari wa miguu, akapelekwa Urusi, ambako maelfu ya askari wa Italia walikufa kwa risasi na kwa baridi kali. Yeye akarudi hai, akavishika tena vitabu vyake. Mwaka 1944, vita ikiwa haijaisha, akamaliza masomo ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Pisa. Kisha akarudi Padova kufundisha, na mwaka 1955 akawa profesa. Kazi yake ilikuwa elimu ya mwendo wa vitu na ya nguvu zinazovisukuma na kuvivuta. Wanafunzi wake walimsifu kwa jinsi alivyoweza kulifafanua jambo gumu likawa jepesi.

Mwaka 1957 Warusi walirusha chombo cha kwanza kilichoizunguka dunia, na tangu hapo mataifa makubwa yakaanza kushindana kupeleka vyombo angani. Waitalia nao hawakukaa kitako. Mmoja wao, Luigi Broglio, aliwaongoza wenzake wakasimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini, mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi katika pwani ya Kenya. Kutoka hapo walirusha chombo chao tarehe 26 Aprili 1967. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku Wakenya walipokuwa wakiadhimisha uhuru wao, ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Broglio alishughulika na roketi. Colombo alishughulika na njia, yaani kuhesabu chombo kitapita wapi, lini, na kwa mwendo gani. Tangu mwaka 1961 alikuwa akienda mara kwa mara kufanya kazi na wataalamu wa nyota wa Marekani, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts.

Fumbo la kwanza alilolifumbua lilihusu Utaridi yenyewe. Ilijulikana tangu zamani kwamba sayari hiyo hulizunguka jua kwa siku 88. Lakini je, hujigeuza yenyewe kwa siku ngapi, kama dunia ijigeuzavyo kwa siku moja? Mwaka 1889 mtaalamu mkuu wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alitangaza kwamba siku hizo ni 88 pia. Kama ndivyo, basi upande mmoja wa Utaridi ungekuwa daima mchana, na upande wa pili daima usiku. Watu waliamini hivyo kwa muda wa miaka zaidi ya 70.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Gordon Pettengill na Rolf Dyce, waliipima Utaridi kwa rada kubwa iliyokuwa Arecibo, katika kisiwa cha Puerto Rico. Wakaona kwamba hujigeuza kwa siku kama 59, wala si 88. Wengi walistaajabu. Colombo aliitazama hesabu hiyo, akaona jambo ambalo wengine hawakuliona: theluthi mbili za 88 ni 58 na kitu, karibu sana na 59. Akasema kwamba hilo si bahati tu, bali ni kanuni. Jua ndilo linaloishika Utaridi, likailazimisha kujigeuza mara tatu barabara kila inapomaliza mizunguko miwili. Mfano wake ni mtoto achezaye ngoma akiuzunguka moto. Kila anapoumaliza moto mara mbili, yeye mwenyewe amejigeuza mara tatu. Vipimo vilivyofuata vilithibitisha maneno yake. Hata kosa la wazee wa zamani likaeleweka: mara nyingi walipopata nafasi nzuri ya kuitazama Utaridi, ilikuwa imewaelekezea upande ule ule.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wakikusudia kupeleka chombo kuitazama sayari hiyo kwa karibu. Hakuna chombo kilichokuwa kimefika huko. Jambo lenyewe lilikuwa gumu, maana jua huvuta kwa nguvu nyingi, na kitu kinachokaribia jua huzidi mwendo kama gari linaloteremka mlima. Utaridi nayo ni ndogo, haina nguvu ya kukinasa chombo kinachokwenda kasi hivyo. Basi chombo hicho hakikuweza kutua wala kusimama. Kingepita kama ndege arukaye juu ya kijiji, na kwa muda wa saa chache tu kingeweza kupiga picha za karibu na kupima. Watu wangefanya kazi kwa miaka, na mali nyingi ingetumika, kwa ajili ya saa hizo chache. Kama kamera ingeharibika saa hiyo, au kama chombo kingepotea njia, kazi yote ingekuwa bure.

Mwezi wa Februari mwaka 1970 wataalamu walikutana katika mji wa Pasadena, jimbo la California, ili waelezwe habari za safari hiyo. Wakaonyeshwa jinsi chombo kitakavyopita kwanza karibu na Zuhura, kisha karibu na Utaridi, na baada ya hapo kitaendelea kulizunguka jua peke yake. Colombo alikuwa amekaa akisikiliza. Akaona kwamba chombo kikiisha kupita Utaridi kitamaliza mzunguko mmoja wa jua kwa siku 176 hivi. Mara akakumbuka kwamba siku 88 mara mbili ni siku 176.

Mkutano ulipokwisha, akawaendea wakuu wa kazi hiyo akawauliza swali. Ikiwa chombo humaliza mzunguko mmoja katika muda ule ule ambao Utaridi humaliza miwili, je, havitakutana tena mahali pale pale? Wakuu hao walikuwa hawajalifikiri jambo hilo. Walikuwa na mashine kubwa za kuhesabia na watu hodari wengi, lakini wote walikuwa wameitazama siku ile moja ya kupita, wasitazame mbele yake. Wakaenda kuhesabu tena kwa uangalifu, wakaona kwamba Colombo amesema kweli. Kama chombo kikipitishwa mahali panapofaa karibu na Utaridi, kitarudi kwake, kisha kitarudi tena. Hapakuhitajiwa roketi ya pili wala chombo cha pili. Ilitakiwa hesabu tu.

Jambo hilo si gumu kulielewa. Tuseme watu wawili wanauzunguka mbuyu mkubwa, kila mtu katika njia yake, na njia hizo zimekaribiana mahali pamoja. Mmoja anakwenda upesi, mwingine anakwenda polepole na njia yake ni ndefu zaidi. Wakianza pamoja pale njia zinapokaribiana, na yule mwepesi akimaliza mizunguko miwili wakati mwenziwe anapomaliza mmoja, watakutana tena pale pale walipoanzia. Utaridi ndiyo mtu mwepesi, chombo ni yule wa polepole, na jua ndilo mbuyu.

Chombo hicho kiliitwa Mariner 10. Kilirushwa kutoka Florida tarehe 3 Novemba 1973, na taabu zilianza mapema. Vifaa vya kuzipasha kamera joto vilikataa kuwaka. Chombo cha kupelekea habari duniani kikawa kinashindwa na kupona, kinashindwa na kupona. Tena gesi nyingi ya kukigeuza na kukiweka sawa ilipotea bure. Mafundi walipoona gesi imepungua, walibuni shauri jingine. Mwanga wa jua una nguvu ndogo ya kusukuma, nacho chombo kilikuwa na mabawa mawili mapana ya kupokea mwanga huo. Wakayageuza mabawa kama mabaharia wageuzavyo tanga la jahazi kufuata upepo, na kwa njia hiyo wakaiweka akiba gesi iliyobaki.

Tarehe 5 Februari 1974 kikapita karibu na Zuhura. Zuhura ikakivuta na kuupunguza mwendo wake, na njia yake ikapinda kuelekea ndani, upande wa jua. Hapakuwa na chombo kabla yake kilichotumia mvuto wa sayari moja ili kuifikia sayari ya pili. Ndipo, tarehe 29 Machi 1974, kikapita juu ya Utaridi kwa umbali wa kilometa 703. Kwa mara ya kwanza wanadamu wakauona uso wa sayari hiyo. Ulikuwa umejaa mashimo makubwa kwa madogo, kama uso wa mwezi, yaliyochimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani tangu zamani za kale. Jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba Utaridi ilionekana kuwa na nguvu ya sumaku, kama dunia yetu, ingawa ni dhaifu. Wengi hawakutazamia jambo hilo katika sayari ndogo namna ile. Je, ilikuwa kweli, au vyombo vya kupimia vilidanganyika?

Kama safari ingalikuwa ya kupita mara moja tu, swali hilo lingalibaki bila jibu kwa miaka mingi. Lakini sasa watu wakakaa kungoja. Ikapita miezi mitano, na zaidi. Tarehe 21 Septemba 1974 chombo kikarudi, kikapita mbali kidogo, kilometa 48,000 hivi, kikapiga picha nyingine. Tarehe 16 Machi 1975 kikarudi mara ya tatu, na safari hii kikapita kwa umbali wa kilometa 327 tu. Sumaku ikapimwa tena, ikaonekana ni ya Utaridi yenyewe, pasipo shaka. Siku nane baadaye gesi ikaisha kabisa. Mafundi wakakiamuru chombo kinyamaze, nacho kikanyamaza. Mwanafunzi anaweza kuzihesabu mwenyewe siku zilizopita tangu tarehe 29 Machi mpaka tarehe 21 Septemba 1974, kisha tangu siku hiyo mpaka tarehe 16 Machi 1975. Ataona kwamba kila mara ni siku 176.

Walakini furaha ile ilikuwa na upungufu wake. Chombo kilirudi kila baada ya siku 176, na katika siku hizo Utaridi humaliza mizunguko miwili na kujigeuza mara tatu kamili. Maana yake ni kwamba kila chombo kilipofika, kilikuta upande ule ule ukiangazwa na jua, na upande ule ule ukiwa gizani. Kanuni ya kwanza ya Colombo, ya mwaka 1965, iliufunga mlango ambao swali lake la mwaka 1970 lilikuwa limeufungua. Hesabu haina upendeleo, hata kwa mtu aijuaye. Kwa hiyo picha zote za Mariner 10 hazikuonyesha hata nusu ya Utaridi. Sehemu iliyobaki ikakaa bila kuonekana, ikingoja watu wengine na chombo kingine.

Colombo hakuacha kufikiri mambo mapya. Pamoja na mwenziwe Mario Grossi alitoa shauri la kufunga setilaiti kwa kamba ndefu ya kilometa nyingi, ivutwe na chombo kikubwa angani kama tiara ivutwavyo na mtoto. Alikuwa pia mmoja wa watu walioanzisha shauri la Ulaya la kupeleka chombo kwenye nyota yenye mkia iitwayo Halley. Yeye ndiye aliyetaka chombo hicho kiitwe Giotto, kwa kuikumbuka ile picha ya Mamajusi iliyo katika mji wake. Lakini hakuyaona matunda ya mashauri hayo. Alifariki tarehe 20 Februari 1984 huko Padova, akiwa na umri wa miaka 63. Giotto ilipita karibu na nyota ile mwezi wa Machi mwaka 1986. Setilaiti ya kamba ilijaribiwa mwaka 1992, ikajaribiwa tena mwaka 1996.

Nusu ya Utaridi iliyokuwa haijaonekana ilianza kupigwa picha tarehe 14 Januari 2008 na chombo kingine cha Marekani, kiitwacho MESSENGER. Chombo hicho kilikuwa cha kwanza kuizunguka sayari hiyo, tangu mwaka 2011 mpaka mwaka 2015. Kisha watu wa Ulaya wakishirikiana na Wajapani wakaunda chombo kingine, chenye setilaiti mbili ndani yake, wakakiita BepiColombo. Kilirushwa tarehe 20 Oktoba 2018. Njia yake ilipangwa kwa kuifuata hekima ile ile ya kupunguza mwendo kwa kupita karibu na sayari: mara moja dunia, mara mbili Zuhura, na mara sita Utaridi yenyewe.

Watu waliingojea kwa hamu siku ya kwanza ya kupita Utaridi. Chombo kilikuwa kimesafiri miaka mitatu, nacho kilitakiwa kupita umbali wa kilometa 199 tu. Ikawa kwamba saa ya kupita iliangukia usiku wa tarehe 2 Oktoba 2021. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa nane na dakika 34 usiku, watu wa Issuna wakiwa wamelala. Chombo kilipita juu ya upande wa Utaridi wenye giza, kikatokea kwenye mwanga, na kamera zake ndogo zikapiga picha. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 101 tangu Giuseppe Colombo alipozaliwa.

Safari hiyo nayo ilipata taabu. Mwaka 2024 injini zake zilionekana zimepungukiwa nguvu, isiweze kufuata njia iliyokuwa imepangwa. Wataalamu hawakukata tamaa, bali walikaa wakahesabu njia mpya, na siku ya kuanza kuizunguka Utaridi ikasogezwa kutoka Desemba 2025 mpaka Novemba 2026. Mara ya sita na ya mwisho ya kupita ilikuwa tarehe 8 Januari 2025, nayo ilikwenda vizuri.

Maisha ya mtu huyu yana mafundisho kwa kila mwanafunzi. Watu wote waliokuwa katika mkutano wa Pasadena walikuwa na hesabu zile zile mbele yao. Aliyewapita hakuwapita kwa mali wala kwa mashine, bali kwa kuwa aliziweka hesabu mbili pamoja, akaona zinapatana, wala hakuona haya kuuliza. Wahenga wetu walisema kwamba kuuliza si ujinga. Mwenyezi Mungu ameziwekea sayari njia zao na siku zao, nazo hazizivuki. Mtu anayejifunza kuhesabu kwa uaminifu, ajapokuwa mbali sana nazo, anaweza kujua leo mahali zitakapokuwa kesho. Na lile ambalo yeye hakuwahi kuliona, wengine waliojifunza kwake wataliona.